Maboya ya Ubavuni kwa Kayaki za Baharini: Yafungwe Lini, na Nani Ayategemee

Waheshimiwa wakufunzi wa uokoaji, ndugu zangu waongozaji wa wageni baharini, na wazee wetu wa ngalawa mliokubali kukaa nasi asubuhi hii, nimeombwa nizungumzie mjadala ambao haukuzaliwa kwenye pwani yetu lakini umekwishatufikia pamoja na kayaki zenyewe. Ni mjadala kuhusu maboya ya kujaza hewa yanayofungwa ubavuni mwa kayaki ya baharini, moja kila upande, ili chombo kisiyumbe kwa urahisi, na ili mtu aliyepinduka na kurudi ndani asipinduke tena. Huko Amerika ya Kaskazini, ambako maboya hayo yaliuzwa na kupigiwa debe katika miaka ya 1990 kwa majina kama Sea Wings, wapiga kafi walitofautiana juu yake kwa ukali usio wa kawaida kwa kifaa kinachotosha kukunjwa na kuwekwa ndani ya mkoba. Wapo waliosema kwamba kwenda baharini bila maboya hayo ni uzembe unaoua. Wapo pia waliosema kwamba anayeyahitaji hakustahili kuondoka ufukweni.

Nitautaja msimamo wangu mapema ili mnisikilize mkiujua. Maboya haya yana kazi ya kweli, nayo ni kazi inayoanza baada ya mtu kurudi ndani ya chombo chake, hasa mtu aliyechoka, aliyeumia au anayetapika kwa kichefuchefu cha bahari. Anayeyauza kama badala ya mafunzo anawahatarisha watu, na anayeyadharau kwa sababu yeye mwenyewe anajua kujiinua kwa kafi, yaani kuigeuza kayaki iliyopinduka irudi wima bila kutoka ndani yake, anasahau kwamba siku moja atakuwa na mwenzake asiyeweza.

Kayaki ninayoizungumzia hapa si ile pana ya kukalia juu, ambayo hoteli nyingi za pwani yetu huwapa wageni. Ninazungumzia chombo chembamba na kirefu, cha takriban mita 5 kwa urefu na sentimita 55 hadi 60 kwa upana, ambacho mpiga kafi huketi ndani yake, miguu ikiwa imenyooshwa chini ya sitaha na kiuno kikiwa kimezungushiwa sketi ya kuzuia maji. Wembamba huo ndio unaokipa mwendo, na ndio unaomtisha anayekikalia kwa mara ya kwanza.

Tuangalie kwanza kwa nini maboya yanafanya kazi, maana wapo wanaobisha hata hilo. Nguvu inayokirudisha chombo wima kinapoinamishwa kidogo hutegemea upana wake kwenye usawa wa maji, tena hutegemea upana mara upana mara upana. Chombo cha sentimita 56 kikipanuliwa hadi sentimita 70, yaani kikiongezewa robo tu, uthabiti unaotokana na upana hukaribia kuwa mara mbili katika sehemu iliyopanuliwa. Maboya hayafuniki urefu wote wa kayaki, kwa kuwa hukaa katikati, kulia na kushoto kwa tundu la kukalia; lakini hapo ndipo kayaki ilipo pana zaidi, na kwa hiyo hata mtu asiyejua hesabu hiyo huihisi tofauti mara anapoketi. Hilo halina ubishi, na aliyewahi kuyajaribu kwenye maji tulivu hatalikana.

Ubishi wa haki unaanza pale maji yanapoacha kuwa tulivu. Chombo chenye uthabiti mkubwa hakitafuti kuwa wima kuelekea mbinguni. Kinatafuta kulala sambamba na uso wa maji. Maji yakiwa bapa, mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Wimbi la ubavuni likija na mgongo mkali, uso wa maji wenyewe umeinama, na chombo kipana kinainama pamoja nao, kikimbeba aliyemo kuelekea upande wa bondeni mwa wimbi. Mpiga kafi mzoefu aliye katika kayaki nyembamba hukiacha chombo kicheze chini ya kiuno chake huku mwili wake ukibaki wima, na wimbi linapovunjika huliegemea na kulikandamiza kwa bapa la kafi. Mwenye maboya yaliyojaa hewa amepunguziwa uhuru huo, kwa kuwa boya la upande wa wimbi linanyanyuliwa, la upande wa pili linazamishwa, na kiuno hakina nguvu ya kubishana na yote mawili. Akipinduka hivyo, kujiinua kwa kafi huku maboya yamejaa ni kazi ngumu sana, kwa sababu uthabiti uleule uliokuwa ukimlinda sasa unaishikilia kayaki ikiwa juu chini. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za wanaoyapinga, na ninaikubali yote.

Hata hivyo, wanaoyatetea wana hoja moja ambayo sijasikia ikijibiwa vizuri. Mtu amepinduka, ameshindwa kujiinua, ametoka kwenye tundu na sasa yuko majini ameshika chombo chake. Njia inayofundishwa kwa wanaosafiri peke yao ni kuvalisha bapa moja la kafi mfuko uliojazwa hewa, kulikingamisha kafi nyuma ya tundu ili liwe kama mkono wa ngalawa upande mmoja, kisha kupanda juu ya sitaha na kuteleza ndani. Njia hiyo ni nzuri na nimeifundisha kwa moyo wote. Sasa mtu huyo ameketi tena, lakini tundu lake limejaa maji, na maji hayo hayakai mahali pamoja. Kayaki ikiinama kulia yanakimbilia kulia na kuizidisha kuinama. Inambidi apige bomba la mkono mpaka maji yaishe, na bomba linataka mikono. Inambidi pia aondoe mfuko kwenye bapa ili apate kafi la kupigia. Ameketi katika bahari ileile iliyompindua akiwa mkavu na mwenye nguvu, na sasa amelowa, amechoka, chombo chake ni kizito na hakitulii, na kile kilichokuwa kikimshikilia ameshakiondoa.

Wanaoyatetea maboya wanauliza: kwa nini mtu huyo asipinduke tena? Ni swali la haki. Katika dakika hizo za kufua maji, maboya mawili yaliyofungwa sawasawa yanamwachia mikono yote miwili, yanakituliza chombo kilichojaa maji, na yanamruhusu kupumua, kula kitu, kufunga sketi yake na kuamua aelekee wapi. Nimeyajaribu katika hali hiyo, tundu likiwa limejaa hadi mapajani na upepo ukitupiga kutoka ubavuni, na ninashuhudia kwamba tofauti ilikuwa kubwa.

Tatizo ni kuyafikisha hapo. Maboya mengi ya aina hii hujazwa kwa mdomo. Mikanda yake hupita chini ya chombo na kufungwa kwenye pete zilizopo sitahani, na mikanda ikilegea hata kidogo boya hunyanyuka juu ya maji na kubaki kama pambo, likisubiri kayaki iiname sana kabla halijaanza kusaidia. Sasa mfikirie mtu huyohuyo akiwa katika maji baridi ya Kanada au Skotilandi. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba ameyafundisha mataifa ya kaskazini kanuni rahisi ya namba tatu: katika maji yanayokaribia kuganda una dakika 1 ya kuidhibiti pumzi inayokatika kwa mshtuko wa baridi, una takriban dakika 10 ambazo vidole na mikono bado vinakutii, na una takriban saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa kupoa mwili. Katika dakika hizo 10, kumwambia mtu atafute mikanda chini ya mkuku, aifunge pete kwa pete, kisha apulize maboya mawili huku mawimbi yanamjaza maji kinywani, ni kumpa kazi ambayo wengi hawataimaliza. Ndiyo maana nasema maboya ni ya baada ya kurudi ndani, na ndiyo maana pete lazima ziwe zimefungwa na mikanda iwe imepimwa nchi kavu, ili baharini ibaki kazi ya kuyafunga maboya na kuyapuliza tu.

Wapo watakaosema kwamba yote haya yana dawa moja, nayo ni kujifunza kujiinua. Ustadi huo ni wa watu wa Aktiki, walioitengeneza kayaki kwa ngozi na mbao za kuokota ufuoni, na ambao kutoka nje ya chombo katika maji yale ilikuwa karibu sawa na kufa. Ulaya iliuchukua kwao kwa kuchelewa: Edi Pawlata, raia wa Austria, alijifundisha mwenyewe mwaka 1927, na Gino Watkins, Mwingereza, alifundishwa na wawindaji wa Greenland mashariki katika msafara wake wa 1930 na 1931. Watkins aliumudu vizuri kabisa. Tarehe 20 Agosti 1932 alikwenda kuwinda sili peke yake kwa kayaki katika ghuba ya pwani ileile ya Greenland mashariki, na wenzake waliomfuata walikuta kayaki yake ikielea na suruali yake ikiwa juu ya kipande cha barafu. Alikuwa na umri wa miaka 25, na mwili wake haukuonekana tena. Kilichompata hakikushuhudiwa na mtu. Tunachojua ni kwamba kujua kujiinua hakukumrudisha nyumbani, kwa kuwa ustadi huo unamfaa mtu aliyemo ndani ya kayaki, si mtu aliyetenganishwa nayo.

Wenyewe wa Greenland hawakuwahi kuutegemea ustadi huo peke yake. Si kila mwindaji aliumudu. Nyuma ya tundu lake mwindaji alibeba avataq, boya la ngozi nzima ya sili lililojazwa hewa, ambalo kazi yake ya kwanza ilikuwa kumchosha mnyama aliyechomwa chusa, lakini hakuna mtu wa bahari ambaye angekuwa na boya kama hilo mkononi asijue kwamba linaweza kumshikilia na yeye pia. Kule Alaska na visiwa vya Aleut, dhoruba ilipowakuta mbali, wawindaji walizifunga kayaki zao ubavu kwa ubavu na kuisubiri ipite. Madaktari wa Denmark waliofanya kazi Greenland waliandika pia kuhusu maradhi yaliyowapata wawindaji wenye uzoefu wa miaka mingi: akiwa peke yake kwenye maji yaliyotulia kama kioo, jua likimulika usoni, mwindaji alianza kuhisi kwamba kayaki inazama au inapinduka, mikono ikamganda, akashindwa kupiga kafi. Kilichomponya mara nyingi kilikuwa ni mwenzake kusogea karibu na kuishika kayaki yake. Ninawaomba mlitafakari hilo, hasa ninyi mnaosema kwamba hodari hahitaji kushikwa. Mabingwa wa kayaki, watu walioivumbua, walijua kwamba uthabiti wa mwanadamu unaweza kumtoka bila wimbi lolote.

Mnaweza kuniuliza kama kuna mtu aliyewahi kuyategemea maboya ya namna hii katika bahari kuu. Wapo. Mwaka 1956 Hannes Lindemann, daktari wa Kijerumani, aliondoka Visiwa vya Kanari kwa kayaki ya kukunjwa ya Klepper, ambayo kiwandani kwenyewe huwekewa mirija ya hewa ndani ya mbavu zake, na akaivuka Atlantiki kwa siku 72. Alikuwa na mkono wa pembeni alioutengeneza kwa kafi na nusu ya mpira wa ndani wa gurudumu la gari. Alipinduka mara mbili hata hivyo, na mara moja alilala usiku kucha juu ya tumbo la kayaki iliyopinduka, akisubiri kupambazuke ili aigeuze. Mwaka 1987 Ed Gillet alipiga kafi kutoka Monterey, California, hadi kisiwa cha Maui, Hawaii, kwa siku 63, na usiku alifunga maboya ya hewa pande zote mbili ili apate kulala. Hawa walikuwa miongoni mwa wapiga kafi hodari wa zama zao. Hawakuyachukua maboya kwa sababu ya kukosa ufundi. Waliyachukua kwa sababu mtu hawezi kuwa macho siku 63.

Lakini mfano unaonigusa zaidi, na ambao ningependa kila mwongozaji aliyemo humu auchukue kama wake, hauna maboya ndani yake. Tarehe 22 Machi 1993, kusini mwa Uingereza, wanafunzi 8 wa shule moja ya Plymouth waliondoka Lyme Regis kwa kayaki kuelekea Charmouth, safari ya kilomita chache kando ya ufuo, wakiwa na mwalimu wao na wakufunzi 2 wa kituo cha michezo ya nje. Mwalimu alipinduka, akarudishwa, akapinduka tena. Mkufunzi mmoja alibaki akihangaika naye. Wa pili aliwakusanya wanafunzi, kayaki zao zikashikana, na upepo uliokuwa ukivuma kutoka nchi kavu ukawasukuma nje hadi makundi mawili yakapotezana. Kayaki za wanafunzi zikajaa maji, msaada ukachelewa kuitwa kwa saa kadhaa, na vijana 4 wakafa. Mahakama ilimtia hatiani mkurugenzi wa kampuni iliyokiendesha kituo hicho, na kampuni yenyewe pia, na mwaka 1995 Bunge la Uingereza likatunga sheria mahususi ya kuvisimamia vituo vya namna hiyo.

Sisemi kwamba maboya yangewaokoa. Wale vijana walinyimwa mambo mengi ambayo hutangulia maboya: uzoefu wa wakufunzi, maandalizi, utabiri wa hewa uliozingatiwa, na mtu wa nchi kavu anayejua saa ya kupiga simu. Ninachokiona, kila ninapoisoma habari hiyo, ni jinsi mtu mmoja asiyeweza kubaki wima alivyoichukua mikono yote ya mkufunzi mmoja, na kwa hiyo akalikata kundi vipande viwili. Yeyote kati yetu aliyewahi kuongoza wageni ameliona jambo hilo kwa kiwango kidogo. Unamrudisha mtu ndani, unamwachia ili umfungie mwenzake kamba ya kuvutia, na kabla hujageuka amepinduka tena. Kumfunga mtu huyo maboya ya ubavuni, kumfungia kamba na kumvuta hadi ufukweni akiwa ameketi, ndiyo kazi ambayo kifaa hiki kinaifanya vizuri kuliko kifaa kingine chochote ninachokijua, na ni kazi inayofanywa na mwongozaji aliyeketi salama ndani ya kayaki yake akiwa ameinamia sitaha ya kayaki ya mgonjwa, wala si na mgonjwa mwenyewe akiwa majini.

Nije sasa kwenye pwani yetu. Ngalawa imetufundisha tangu zamani kwamba chombo chembamba kinaweza kufanywa kipana bila kukifanya kizito, na ndubi zake, zile mbao za pembeni, hazikuwekwa kwa woga. Hata hivyo tusiuchukue mfano huo kwa haraka. Ngalawa hubeba tanga, na nguvu ya tanga inataka mkono mrefu wa kuizuia. Kayaki haina tanga. Ndubi hukaa mbali na mtumbwi, kwenye ncha za miti migumu iliyofungwa daima, na baharia hupanda juu ya miti hiyo kuongeza uzito upande wa joshini, upepo unakotoka. Boya la hewa limebanwa na ubavu wa kayaki, na kwa hiyo nguvu yake ni ndogo, na huwekwa na kuondolewa. Anayemwambia mgeni kwamba kayaki yenye maboya ni salama kama ngalawa hajaijua ngalawa.

Tofauti nyingine kubwa ni maji yenyewe. Bahari yetu ni ya vuguvugu mwaka mzima. Mshtuko wa baridi na dakika 10 za Giesbrecht si adui zetu wakuu. Adui zetu ni upepo wa kusi unapokaza mchana, maji ya kupwa yanayotoka kwa nguvu kwenye mlango wa mwamba, jua, kiu na uchovu. Mtu aliyepinduka kwetu, akiwa amevaa jaketi la kujiokolea, ana muda mrefu kuliko mwenzake wa Skotilandi, na muda huo ndio unaofanya maboya yawe na nafasi nzuri zaidi huku kuliko kule yalikozaliwa. Anaweza kurudi ndani polepole, akashikiliwa na mwongozaji, akafungiwa maboya na kuyapuliza kwa zamu. Lakini muda huohuo anasukumwa kuelekea nje ya mwamba, na maboya yanaongeza ukinzani majini. Kayaki inayovutwa ikiwa nayo inakwenda taratibu. Mwongozaji lazima alihesabu hilo kabla ya kuamua, kwa sababu kumvuta mtu dhidi ya maji ya kupwa akiwa na maboya kunaweza kumchosha yeye pia, na pengine ni bora kusubiri mkondo upungue au kuita boti mapema.

Na hapa niseme neno kuhusu jaketi la kujiokolea. Takwimu za walinzi wa pwani wa Marekani zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu wanaozama katika ajali za vyombo vya burudani hawakuwa wamevaa jaketi. Mwenye kampuni anayeuliza anunue maboya ya ubavuni aina gani, huku majaketi yake yamechanika vifungo, ninamwomba anunue majaketi kwanza.

Mapendekezo yangu kwenu ni haya. Kila kundi linalotoka na kayaki za kukalia ndani liwe na angalau jozi moja ya maboya ya ubavuni, nayo ibebwe na mwongozaji. Pete zifungwe kwenye kayaki zote kabla, na urefu wa mikanda upimwe kwa kila aina ya kayaki na kutiwa alama, ili asiwepo mtu wa kukisia baharini. Waongozaji wafanye mazoezi ya kuyafunga kwenye kayaki iliyojaa maji, penye mawimbi, pamoja na mtu mzito anayejifanya hajiwezi, kwa sababu mazoezi ya kwenye bwawa la kuogelea hayaonyeshi kitu kilichonipa shida kuliko vyote, nacho ni mkanda unaojipinda chini ya chombo pale usipoweza kuuona. Na mgeni asiondoke ufukweni maboya yakiwa yamejazwa. Anayehitaji maboya ili aondoke apewe chombo kingine, kilicho kipana tangu kilipoundwa, au apewe kiti cha mbele katika kayaki ya watu wawili, mwongozaji akiwa nyuma yake.

Kwa ndugu wanaoviingiza vifaa hivi nchini, nina ombi moja. Maelezo niliyoyaona kwenye mifuko ya maboya haya yameandikwa kwa lugha za kigeni, na picha yake ni ya mtu anayetabasamu kwenye maji matulivu. Wekeni maelezo ya Kiswahili, yaonyeshe mahali pa kufunga pete, yaonyeshe mkanda uliokaza na uliolegea, na yaseme wazi kwamba boya hujazwa hewa baada ya mtu kurudi ndani, tena mwenzake akiwa ameishikilia kayaki.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali yenu, na mwenye jozi ya maboya aliyokuja nayo ailete mbele hapa ili tuifunge pamoja.